Tobia Shemweta na Darubini Fupi

Tarehe 30 Juni 1958, saa nane na nusu mchana, Bwana Tobia Shemweta atakabidhi bunduki, filimbi na kofia ya kazi katika ofisi ya Idara ya Wanyama, Lushoto, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1931 ataondoka bomani mikono mitupu. Ni miaka ishirini na saba kamili. Ameniomba nisiandike mengi. Mimi ni karani, na karani akiombwa asiandike mengi huwa amechokozwa.

Bwana Tobia ni mzaliwa wa Mgwashi, upande wa Bumbuli. Aliingia kazini akiwa mbeba mahema wa Bwana Nyama, jina ambalo wananchi wamempa mkuu wa idara yetu hapa wilayani. Mwaka uliofuata alipewa sare na bunduki, akawa askari wa nyama. Kazi yake ilikuwa kulinda mashamba ya milimani dhidi ya nguruwe mwitu na nyani, na mara moja moja chui aliyezoea mbuzi wa watu. Alizunguka kwa miguu kutoka Shume hadi Vuga, kutoka Vuga hadi Bumbuli, mvua na jua. Kila mwaka nilimwombea viatu vipya, na kila mwaka makao makuu waliniuliza kama anavila.

Si kwamba mambo yalimnyookea siku zote. Nyani wa Irente waliwahi kumwibia viazi vyake vya kuchoma, kitambaa na vyote, wakati amelala kifudifudi akiwavizia nyani wenzao upande wa pili. Aliporudi ofisini aliandika katika ripoti kwamba nyani walioonekana ni sita na waliopigwa hakuna. Habari ya viazi tuliipata kwa watu wengine.

Lakini ukitaka kumjua Tobia, lazima uijue habari ya darubini, na hiyo nitaieleza yote, apende asipende.

Ilianza mwaka 1950, alipokuwa na miaka arobaini na saba. Bunduki ya kawaida inamtaka mtu aone vitu vitatu kwa pamoja: mwanya wa nyuma, ncha ya mbele ya mtutu, na mnyama aliye mbali. Tobia alikuwa bado anamwona mbuzi ng'ambo ya bonde na kukuambia ni jike au dume, ila ile ncha ya mtutu iliyo karibu na pua yake ilianza kumwia kama moshi. Na kila Septemba askari wote hufanya jaribio la shabaha. Anayeshindwa hunyang'anywa bunduki, anapewa rungu na kuketi getini. Kwa mtu aliyezoea kutembea milima yote ya Usambara, kuketi getini ni adhabu kubwa kuliko kufukuzwa.

Hakumwambia mtu. Alienda kimya kimya kwenye mnada wa mlowezi mmoja aliyekuwa akifunga nyumba yake hapa Lushoto ili arudi kwao Ulaya, akanunua darubini ya bunduki. Ilikuwa ndefu kama kiko cha mzee tajiri, nzito, na ilikuza mara nane. Aliipata kwa bei ya mbuzi wawili, akarudi anachekelea. Kwa darubini, alinieleza, jicho halihangaiki tena kati ya karibu na mbali. Unaona nyuzi mbili zilizokatana na mnyama yuko palepale juu yake. Nikamwuliza kama mbuzi wawili si ghali. Akasema hiyo ya dukani ni ng'ombe.

Siku ya tatu alikuja kazini na jeraha la nusu duara juu ya nyusi. Darubini ile ilidai jicho lisogee karibu mno, na bunduki iliporudi nyuma ikamgonga. Mkewe, Mama Secilia, alitaka kujua amepigana na nani, na Tobia akaona aibu kusema amepigwa na bunduki yake mwenyewe. Sote tulicheka. Sasa najua tungepaswa kumwambia aitoe siku ileile.

Mwezi Juni mwaka huohuo nguruwe waliingia mahindi ya Mgwashi. Asubuhi moja yenye ukungu Tobia alijilaza juu ya mteremko, akaangalia kwa darubini, na katikati ya mabua akaona kitu cheusi, cha mviringo, kikitikisika. Darubini inayokuza mara nane huonyesha sehemu ndogo sana ya shamba, na ukungu nao ulikuwa umeingia ndani ya vioo. Alifyatua.

Alichopiga ni chungu cha uji. Kilikuwa kimewekwa juu ya tuta, na majani ya mahindi yaliyopeperuka mbele yake ndiyo yaliyofanya kionekane kinatikisika. Hatua moja pembeni alikuwa ameinama Jenoveva, mke wa Timotheo, ambaye ni binamu yake Tobia. Alikuwa akivuna maharage. Alisimama akiwa mweupe kwa uji kuanzia kichwani hadi kiunoni, akamwona Tobia anashuka mbio huku anaanguka, na alipohakikisha kwamba yu mzima alisema maneno ambayo Mgwashi wanayarudia hadi leo: "Shemeji, uji wangu umekukosea nini?"

Watu walicheka. Tobia hakucheka. Alitembea moja kwa moja hadi Lushoto bila kupitia nyumbani kwake, akaweka bunduki juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu, akasema niandike barua ya kuacha kazi. Alishindwa hata kufungua mkanda wa risasi. Mimi ndiye niliyemfungulia. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa katika hali ile, na sitaki kumwona tena.

Bwana Nyama wa wakati ule hakuikubali barua wala hakuikataa. Alifungia bunduki kabatini, akamwambia Tobia aketi getini mpaka aamue. Basi akaketi. Alikuwa akiwafungulia watu mlango na kuwaamkia vizuri, ila alikuwa hatazami mlimani.

Wiki ya tatu Jenoveva alifika ofisini. Alikuwa ametoka Mgwashi kwa miguu, na mtoto mgongoni. Aliwaamkia wote kwa utaratibu, shikamoo kwa anayestahili shikamoo, kisha ndipo akakasirika. Mimi nilimtafsiria Bwana Nyama. Alisema nguruwe wamemaliza nusu ya mahindi yake na ya jirani zake. Bwana Nyama akamwambia ataletewa askari mwingine, kijana mwenye macho mazuri.

"Simtaki huyo," alisema Jenoveva. "Huyo bado hajatishika. Mimi namtaka aliyekwisha kutishika. Mrudishieni shemeji bunduki yake, ila lile bomba alitoe."

Nilitafsiri neno kwa neno. Bwana Nyama aliangalia getini, kisha akafungua droo na kutoa ufunguo wa kabati. Sharti likawa moja: Tobia apite jaribio la Septemba kama kila mtu. Akishindwa, rungu ni lake mpaka astaafu.

Hapo ndipo alipoitoa ile ndefu, akaanza kuchagua darubini nyingine kwa akili. Nilimwandikia barua Bwana Mussa, mwuza silaha wa Tanga, naye akatuletea tatu kwa lori la mboga zitazamwe kwa wiki moja. Ya kwanza ilikuza mara sita, yenye kung'aa, na bei yake ilikuwa mshahara wa miezi saba. Ya pili ilikuza mara nne. Ya tatu ilikuwa fupi, ya chuma kisichong'aa, haikukuza hata mara tatu, na Bwana Mussa aliitia ndani ya sanduku ili kujaza nafasi. Ndivyo alivyokiri baadaye. Hiyo ilikuwa mshahara wa miezi miwili na kidogo.

Majaribio aliyoyafanya Tobia hayamo katika kitabu chochote cha serikali. Alizilaza zote tatu nje kwenye majani, katika ukungu wa Magamba, na alfajiri akaziingiza jikoni kwa Mama Secilia, karibu na mafiga. Ile ya kung'aa ililia machozi kwa ndani. Haikukauka mpaka mchana. Kisha akazitumbukiza katika sufuria ya maji vuguvugu. Ile ya mara nne ilitoa mapovu madogo kwenye kiungo, yaani ina mahali inapovuja. Bwana Mussa alipopata habari ya sufuria alituandikia barua ambayo nimeihifadhi kwa sababu ya lugha yake. Ile fupi ilitoka kwenye maji na kwenye ukungu ikiwa kavu.

Akaendelea. Akaigonga kwa mwiko na kuangalia kama nyuzi zimehama. Akapima umbali wa jicho kwa upana wa vidole vinne, kwa sababu nyusi zake zilikuwa zimekwisha kujifunza. Jioni giza lilipoanza kuingia alisimama Irente akahesabu mbuzi wa watu chini kwenye kivuli, kwanza kwa macho, kisha kwa darubini. Mwisho alimwomba Mama Secilia asimame shambani na kapu, kisha aliweke chini na kusogea pembeni hatua kwa hatua, huku yeye akitazama kwa darubini, bila bunduki, ili ajue mtu akiwa umbali gani na kapu bado ataonekana. Kwa ile ya mara sita mkewe alipotea mapema. Kwa ile fupi alifika hatua nyingi sana, hadi akachoka, akatia mkono kiunoni na kuuliza kama amechumbiwa upya. Tobia alisema, "Hii. Hii inaniachia mtu."

Niliona ni wazimu kununua kioo kisichokuza. Nilimwambia hivyo. Nakiri hapa mbele ya wote kwamba sijawahi kufyatua hata mtego wa panya.

Septemba ilifika. Risasi tatu kwa yadi mia, mbili kwa yadi mia mbili. Jenoveva alikuja kusimama nyuma ya kamba pamoja na nusu ya Mgwashi, na mimi nilishika karatasi ya alama nikijifanya sina upande. Risasi nne ziliingia duara la kati. Ya tano Tobia alichelewa sana, hata Bwana Nyama akaangalia saa. Alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye kioo, anatazama kulia na kushoto kwa shabaha kuona kama kuna mtu, uwanjani ambako mtu hawezi kuwapo. Kisha akashuka kwenye kioo, akapiga, ikaingia. Mgwashi walipiga vigelegele mpaka mahabusu wa boma wakachungulia.

Mwaka 1953 mashindano ya shabaha ya vituo yalifanyika hapa kwetu, mwezi Julai, yadi mia tatu. Wenzetu wa Tanga na Korogwe walikuja na darubini za kutamanisha. Saa tatu ukungu ulipanda kutoka bondeni kama kawaida yake, nao wakashughulika kufuta kwa leso vioo vilivyolowa kwa ndani. Tobia alisubiri ukungu ufunguke, akapiga, akasubiri, akapiga. Alishinda birika kubwa la chai, ambalo Mama Secilia hamruhusu mtu kuligusa.

Hayo ndiyo ya kujivunia, na ningeishia hapo kama nisingefungua madaftari ya doria ili niandike wasifu huu.

Baada ya Mgwashi, Tobia alikuja kwangu na ombi moja. Fomu yetu ina safu ya wanyama walioonekana na safu ya waliopigwa. Alitaka safu ya tatu: mara ambazo ameelekeza bunduki kisha akaishusha. Nilimwambia Dar es Salaam hawaihitaji. Akasema yeye anaihitaji. Nikaichora kwa rula, na kwa miaka saba na zaidi nilichukua jumla za mwisho wa mwezi bila kuisoma, nikinung'unika.

Juma lililopita nimeisoma. Ameishusha bunduki mara mia mbili thelathini na nane, na kila mara ameandika sababu. Nyingi ni "ukungu". Nyingine ni "ng'ombe", "kisiki", "nguruwe ana watoto". Mara tisa ameandika neno moja tu: "mtu".

Ya sita kati ya hizo ni ya tarehe 14 Juni 1955. Vuga, mahindi ya chini ya barabara, saa kumi na mbili asubuhi. "Mtu. Amechuchumaa. Koti la kijivu." Mimi kwetu ni Vuga. Juni ile nilikuwa nyumbani kwa likizo, na koti la kijivu nilinalo hadi leo. Nilichochuchumalia si cha kuandikwa katika gazeti la watumishi. Niliporudi kazini Tobia alinisalimu, akaniuliza hali ya nyumbani, akakaa mbele ya meza yangu akinywa chai. Ni miaka mitatu sasa, hajatamka neno.

Bwana Tobia, idara inakushukuru kwa mashamba uliyoyaokoa, na wenzako wote tunakuombea afya, usingizi mrefu, na miaka mingi Mgwashi pamoja na Mama Secilia. Wake zangu na watoto wangu sita hawajui kwa nini wanatakiwa kukushukuru. Nitawaambia leo jioni.

Athumani Shekalaghe,
Karani, Idara ya Wanyama, Lushoto