Muuza Nyama na Wanyama Wake wa Plastiki

Ndugu, majirani na marafiki, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya baba yetu kwa sababu kaka yangu mkubwa hawezi kumaliza sentensi mbili bila kulia, na marehemu hakupenda kazi iachwe njiani. Kwa hiyo nitasoma mpaka mwisho. Mtakaotaka kucheka, chekeni. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa utani.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Steki ingawa mwilini mwake hamkuwa na steki hata kidogo, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1949, mtoto wa nne wa baba mfyatua matofali na mama aliyelima mboga na kuziuza. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba shangazi zake walimlaza kwenye kikapu cha nguo. Bibi yetu alituambia kwamba alilia kwa sauti iliyomzidi umbo, na hapo wote wakajua huyu amekuja kukaa.

Alianza shule mwaka 1957 na kumaliza elimu ya msingi mwaka 1964. Walimu waliandika kwamba ana bidii ila anaongea mno. Bidii aliiendeleza, na kuongea hakupunguza. Nafasi ya sekondari hakuipata, akamsaidia baba yake kwenye tanuri la matofali kwa muda, kisha mjomba wake akamchukua kumfundisha kazi ya bucha.

Kazi hiyo aliifanya kuanzia mwaka 1966 hadi 2011, katika duka lilelile lenye mlango wa bluu na vigae vyeupe ukutani. Vigae hivyo alivisugua kila jioni kwa brashi na sabuni kabla hajavua aproni. Alikata nyama kwenye viungo, si katikati ya mfupa. Aliwahi kumfukuza msaidizi wake kwa kupiga shoka ovyo, kisha kesho yake asubuhi akaenda mwenyewe kumgongea mlango arudi kazini, akidai kwamba yeye mwenyewe amesahau alikoweka funguo za duka. Duka lilifungwa jengo lilipobomolewa kupisha barabara.

Mama yetu alikuwa fundi cherehani mtaa wa pili. Alinunua nyama kwake, akairudisha. "Kaka, hii umeniuzia mifupa." Akabadilishiwa. Wiki iliyofuata akairudisha tena, safari hii ina mafuta mengi. Marehemu alisimulia kwamba aliona njia ni mbili tu, amfukuze dukani au amwoe, na kumfukuza aliogopa. Walifunga ndoa tarehe 13 Desemba 1975, wakajaliwa watoto watatu. Mama anasema nyama nzuri alianza kuipata baada ya ndoa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limewaleta watoto wengi hivi hapa leo.

Baada ya duka kufungwa, Baba alikaa nyumbani akawa kero. Alipanga upya vyombo vya Mama jikoni, alikosoa namna ya kufagia, alizima redio za watu. Siku moja mjukuu wake wa kike, mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa na umri wa miaka saba, alikuja analia. Mwalimu alikuwa amewaagiza kila mmoja alete mnyama aliyetengenezwa kwa plastiki za kutupwa nyumbani. Baba akanyanyuka kitini. "Mnyama? Wanyama nawajua mimi. Leteni chupa."

Alimtengeneza mbuzi usiku ule kwa chupa za maji na dumu la mafuta ya kupikia, mbavu zake zikihesabika. Mtoto akaenda naye shule, akarudi amevimba mashavu. Darasa zima lilikuwa limemcheka. Mbuzi alikuwa amening'inizwa kwenye waya kwa miguu ya nyuma, na hakuwa na kichwa.

"Babu, kichwa kiko wapi?"

Baba akamtazama mbuzi, akamtazama mtoto. "Vichwa tulikuwa tunauza kivyake," akasema.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Ilimwingia akilini kwamba maisha yake yote alikuwa ameishi na wanyama, na hajui mbuzi anavyosimama. Asubuhi alivaa koti, akaenda kwenye mnada wa mifugo, akaegemea uzio kutwa nzima akitazama mbuzi wakitembea. Wauzaji walimdhania mnunuzi mgumu. Aliporudi alimtengenezea mjukuu mbuzi mwingine, mwenye kichwa, aliyesimama mezani kwa miguu minne, na mwalimu akamweka juu ya kabati.

Hapo ndipo Jumamosi za uani zilipoanza. Kwanza alikuja mjukuu na rafiki zake, kisha mtaa mzima. Walikuja na chupa za shampuu, mikebe ya siagi, vifuniko, vijiko vilivyokatika, mirija ya kunywea soda. Sharti la kwanza lilikuwa kila mtoto aoshe plastiki zake mwenyewe kwenye beseni, kwa sabuni, mpaka Baba azinuse na kuridhika. Mashimo alitoboa yeye kwa msumari uliochomwa moto kwenye jiko la mkaa, na mtoto yeyote aliyekaribia jiko hilo aliondoka na karipio. Kufunga waya na kupaka gundi ilikuwa kazi yao. Walitoka hapo na kobe wa vitako vya chupa, nungunungu mwenye miiba ya mirija, tembo aliyepata mkonga kutoka kwenye mshikio wa dumu.

Watoto walitaka kuanza na uso, hasa macho, maana vifuniko vina rangi nzuri. Baba alikataa katakata. Kwake miguu ilikuwa kwanza. Mnyama alipaswa kusimama mezani bila kushikwa, ndipo mtoto apewe vifuniko viwili vya macho. "Ukimpa macho kabla hajasimama," aliwaambia, "ataona anavyoanguka." Na mtoto aliyekunja mguu wa nyuma wa ng'ombe upande usiofaa alipigiwa kelele za utani mpaka nyumba ya tatu: "Huyo ng'ombe anakwenda wapi? Anarudi nyuma?"

Wapo majirani waliolalamika kwamba uani kwetu pamekuwa jalala. Aliwaita, akawaonyesha plastiki zilizooshwa na kupangwa kwa rangi kwenye magunia, akawaomba nao walete za kwao. Walileta.

Kisukari kilimpata mwaka 2015. Alikichukulia kama mteja msumbufu, akimjibu kwa adabu bila kumsikiliza. Mwanzoni mwa mwaka huu alipata kidonda kwenye kisigino cha kulia, akakificha ndani ya soksi, na tulipokigundua kilikuwa kimekwenda mbali. Tarehe 20 Februari 2024 mguu wake ulikatwa chini ya goti. Kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji alianza kumwelekeza daktari mahali pa kukata. Daktari akamshika bega. "Mzee, leo muuza nyama ni mimi. Wewe ni mteja." Baba alilipenda jibu hilo kuliko dawa zote alizopewa.

Lakini aliporudi nyumbani utani ulikwisha. Aligeukia ukuta, na magongo aliyopewa hospitali yakabaki nyuma ya mlango. Kaka yangu alileta kiti cha magurudumu, tukamwambia Jumamosi tutamsukuma au tutambeba hadi uani, watoto wanamsubiri. Alijibu bila kugeuka: "Mimi si gunia la viazi. Nitafika uani kwa mguu wangu, la sivyo sifiki." Daktari alikuwa ametuambia moyo wake umechoka na huenda asitembee tena. Yeye alikuwa amesikia.

Jumamosi tatu watoto walifanya kazi chini ya dirisha lake, na pazia halikufunguliwa. Ya nne, yule mjukuu wa mbuzi asiye na kichwa, ambaye sasa yuko sekondari, aliingia chumbani kumpelekea chai. Baba akaanza kumlalamikia kwamba duka limekwenda, mguu umekwenda, na sasa hata watoto wataanza kumhurumia. Binti akaweka kikombe mezani. "Babu, hayo mengine baadaye. Miguu kwanza."

Nilikuwa mlangoni, nikaogopa kwamba atamfokea. Baba akasukuma blanketi pembeni, akasema, "Leteni hayo magongo."

Mazoezi yalimtoa jasho na machozi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha, naye akarudia kutwa nzima kana kwamba anasugua vile vigae vyake. Alianguka mlangoni pa jikoni akapasuka nyusi. Mama alijifunza kusimama pembeni mikono ameiweka nyuma, mmoja umeushika mwingine, ili usimponyoke ukaenda kumsaidia. Nadhani kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ya Baba.

Tarehe 15 Juni, Jumamosi, Baba alivaa shati safi, akatoka chumbani, akapita sebuleni na jikoni, akashuka kidato cha mlango wa nyuma kwa magongo yake, akafika uani. Hakuna aliyemgusa. Mimi nilikuwa nalia waziwazi na sioni haya kusema hivyo. Watoto waliinua vichwa, wakamwangalia. Mdogo wao kuliko wote akasema, "Babu umechelewa, gundi inakauka."

Baba alicheka kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu Februari. Akavuta kiti, akaomba msumari. Alikuja uani kwa mguu wake kila Jumamosi iliyofuata, na hata mara moja hakukubali kushikwa mkono.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2024, moyo ukisimama akiwa amekaa kitandani anafunga kiatu. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Ameacha mke, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu sita, dada yake mdogo aliyesafiri usiku kucha kufika hapa, na watoto wa uani, ambao Mama ameagiza watajwe kama wafiwa. Mama ameagiza pia niseme kwamba Jumamosi hii uani patafunguliwa saa ileile, na plastiki zije zimeoshwa.

Baba, ulikataa kubebwa, nasi tukakuacha uhangaike mbele ya macho yetu, mikono tumeifunga nyuma, kwa sababu tulikuheshimu. Ilituuma. Sasa tunakuja na jeneza begani, mimi na kaka, wakwe zako, na yule mjukuu wa mbuzi pia ameomba nafasi. Hii mara moja, tukubebe. Usibishe.

Pumzika, Baba yetu. Mwenyezi Mungu akupokee.