Kunde Mwitu za Bi Kiherehere

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa jukumu la kuwasomea maisha yake, naye hakupenda kusubirishwa, kwa hiyo nitakwenda mwendo wake.

Dada yetu, aliyeitwa Bi Kiherehere tangu alipoanza kutambaa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi mtaani kwetu, sekondari ya bweni, kisha chuo cha kilimo, akahitimu mwaka 1984 na kuajiriwa mwaka uleule benki ya mbegu, kwenye vile vyumba vya baridi ambamo mtu huvaa koti zito huku nje jua linawaka.

Kazi yake ilikuwa kutafuta ndugu wa porini wa mazao tunayokula, hasa kunde mwitu, ambazo mdomoni hazifai lakini zinahimili ukame uliozishinda kunde zetu, na kwa kuwa maganda yake yakikauka hupasuka na kurusha mbegu, msimu ukifika hakukalika naye, hata tarehe 14 Juni 1987, siku ya ndoa yake na dereva wa kazini kwao, wageni walimsubiri bibi harusi akiwa bondeni anavisha maganda vifuko vya neti, na shemeji hakuuliza yuko wapi, aliwasha gari akamfuata. Walijaliwa binti mmoja, ambaye sasa ni mkunga.

Mwaka huu mbegu za aina moja ya kunde hizo zilikaribia kufa zote mle kwenye vyumba vya baridi, na bonde zilikotoka limeshakuwa barabara, akazipanda nyuma ya jiko lake zile chache zilizochipua, figo zikiwa zimeanza kumsumbua, na alipolazwa tarehe 2 mwezi huu aliulizia maganda kabla ya kuitikia salamu ya daktari, na hakuacha kuyaulizia mpaka alipotutoka Jumatano asubuhi.

Juzi binamu zetu, wakifyeka uwanja ili tufunge maturubai, waliing'oa miche ile wakidhani ni magugu, ukabaki mmoja, na ilituuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, majirani mliotupikia, na binamu pia, yameisha. Kiti cha shemeji pale mbele ni kitupu, msimfikirie vibaya, jua limepanda na maganda ya mche ule yameanza kupasuka, yuko nyuma ya jiko na vifuko vyake, kwa hiyo tunaomba mvumilie kama wageni wa harusi ile, jeneza haliinuliwi mpaka afunge kifuko cha mwisho.

Pumzika kwa amani, dada, mbegu hizi tuachie sisi.