Mazabodi ya Silasi

Benchi lenyewe liko mbele ya duka la dawa za mifugo pale Butiama, na Helena ndiye muuza kahawa. Wanaume watatu hulikalia tangu asubuhi, na hakuna jambo duniani wasilolijua. Enos anaitwa Ampea kwa sababu aliwahi kutengeneza feni moja huko Bunda. Florian, mwenye duka, ni Sindano. Makongoro ni Rufaa, maana hajawahi kukubali hukumu yoyote, hata ya refa. Alhamisi hiyo walikuwa na mgonjwa: kompyuta kuukuu ya Silasi, imekaliwa na vumbi, imewekwa juu ya benchi kama mgeni rasmi. Silasi mwenyewe hakuwa na raha hata chembe. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na majina ya ukoo wao, vizazi tisa, aliyotajiwa na baba yake kabla hajafariki. Jumamosi walikuwa wanamaliza matanga, na yeye kama mtoto mkubwa ndiye wa kuyasoma mbele ya ndugu wote.

— Si umesema fundi kabadilisha mazabodi, ile bodi kuu ya ndani? Enos aliuliza.

— Kabadilisha. Ya zamani iliungua. Fundi mwenyewe, Edwin wa Musoma, kanipatia nyingine iliyotumika. Taa inawaka, feni inazunguka, ila kwenye kioo ni giza.

— Iliyotumika wapi?

— Kwenye ofisi ya pamba, Bunda.

Enos alijipiga paja.

— Basi! Hiyo bodi imezoea kilo. Nilikuwaga Bunda mimi, nazijua. Ukiiletea majina ya watu lazima ishangae. Ianzishie na pamba kwanza.

— Ampea, acha fiksi, alisema Florian. Hiyo ni damu. Ng'ombe ukimwongezea damu isiyo yake, mwili unakataa. Hiyo feni kuhema hivyo ni homa, bhana. Ilaze kivulini siku tatu.

— Siku tatu ni Jumapili! Silasi alikaribia kulia. Edwin kasema nikishindwa nichomoe diski tu, ndiyo yenye majina, nikaifunge kwenye kompyuta nyingine. Mwalimu Debora anayo.

Hayo yalikuwa maneno pekee yenye akili tangu asubuhi, kwa hiyo ilibidi yauawe haraka. Makongoro aliweka kikombe chini.

— Thubutu! Uwapeleke babu zako kwa Debora? Watarudi wamechanganyika na wa kwao. Jumamosi usimame, wajomba wamejaa, umtaje babu wa watu! Kesi yangu ya mpaka ina miaka kumi na minne, ilianza na jina moja tu.

Silasi alijua ni upuuzi mtupu. Lakini aliwaza wajomba wakimkodolea macho, akarudisha mfukoni bisibisi aliyokuwa ameishika. Mtu mzima, amesoma, anatishwa na Makongoro!

Hapo ndipo alipotokea shangazi yake, Wankyo, ametoka Kisorya kwa ajili ya matanga, begi kichwani. Walimweleza yote, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Alisikiliza amesimama.

— Kaka yangu alikuwaga anayataja bila umeme, alisema. Silasi, wewe uliyeyaandika unayakumbuka mangapi?

Silasi alianza vizuri. Baba, babu, baba wa babu. La nne likamkwama. Jioni zote zile alikuwa anatafuta herufi kwenye kibodi, anamwambia mzee asiende haraka. Hakuwa amemsikiliza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

— Nisaidie, shangazi.

— Nikusaidie nini, baba? Majina yakianza kutajwa, sisi wasichana tulikuwa tunatumwa maji. Wavulana ndio walikuwa wanakalishwa wasikilize.

Akawageukia wenye benchi.

— Haya, wavulana. Ninyi mlikalishwa. Babu wa babu yako, kila mmoja, aliitwa nani?

Makongoro alisema hilo swali atalikatia rufaa. Florian alisema ana mteja dukani, na duka lilikuwa tupu nyuma yake. Silasi aliibeba kompyuta yake akaelekea kwa Mwalimu Debora bila kuaga. Wankyo alikuwa bado anangoja jibu.

— Helena, niongezee kahawa, alisema Enos.

— Imekwisha, alijibu Helena, na birika lilikuwa limejaa.