Ukuta wa Mama Hadija na Msikiti wa Kompyuta

Mgeni rasmi, Bwana Mkuu wa Wilaya, pamoja na majirani zetu Wakristo mliokuja na viti vyenu, karibuni Malaba. Keti kwa raha, mzee, lakini tafadhali usiegemee ukuta.

TULIKOTOKA
Msikiti huu ulijengwa kwa matofali mabichi na wachuuzi wa zamani waliokuwa wakivuka kwenda Uganda. Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, akina mama huusiriba upya kwa udongo wa kichuguu, wakiongozwa na Mama Hadija Asio, mjane wa imamu wetu. Tetemeko la mwaka wa tisini na nne lilipasua upande wa kibla. Aliusiriba, ukasimama.

TULIYOYAPATA
Mwaka jana walikuja wataalamu na kamera. Walisema watausimamisha msikiti ndani ya kompyuta, vile ulivyokuwa kabla ya tetemeko. Tunashukuru. Walipima ndani, wakapima nje, wakapima mpaka barabara ya malori, na hapo Mama Hadija akaanza kushinda mlangoni akiwachunga.

Walituomba tusisiribe mpaka wamalize, maana udongo mpya ungefunika nyufa wanazozipiga picha. Tukakubali. Hapo ndipo tulipokosea.

MATATIZO
Mvua za El Nino zilikuja, wataalamu hawakuja. Ukuta wa kibla ukawa unamomonyoka tukitazama. Mama Hadija aliufunika kwa turubai la lori, upepo ukalichukua. Alilia, mgeni rasmi, na sisi wanaume wazima tukamwambia avumilie, wakubwa wameshasema.

Mwezi uliopita wataalamu walirudi, wakamwonyesha msikiti kwenye kompyuta: mzima, safi, unazunguka wenyewe. Akauliza, "Na huu wangu ukianguka?" Wakamwambia asiwe na wasiwasi, hata ukianguka hautapotea.

Tangu siku hiyo imani yetu kwa wataalamu imetutoka. Ukianguka, hiki ni kiwanja kitupu kando ya barabara ya malori, na hapa mpakani kiwanja kitupu hakikosi mwenyewe mpya. Juzi kuna mabwana walisimamisha gari wakauliza kama bado watu wanaswali hapa. Hatusemi walitumwa na nani. Tunasema tuliwaona.

MAOMBI
Tulikuwa tumeandika maombi mengi. Mama Hadija akatuambia tuyafute yote. "Mkimwomba mgeni rasmi ruhusa, atasema atalifikisha ombi mbele," alisema, "na masika ndiyo haya."

Kwa hivyo hatuombi ruhusa. Udongo umeshakandwa, akina mama wako nyuma yako wamekunja mikono ya nguo, na risala hii ikiisha wanaanza na upande wa kibla. Wataalamu wapige picha wakitaka. Ombi letu ni kwamba usiondoke kabla ukuta haujasiribwa, wewe ukiona kwa macho yako, ili kesho mtu akija kusema hapa hapakuwa na msikiti, awe anakuita wewe mwongo.

Mungu akupe afya, na akupe subira ya kukaa nasi mpaka jioni.

Ni sisi,
Waumini na Majirani wa Msikiti wa Udongo, Malaba.