Kopo la Nyama

Adrisi hakuwa na cheo, hakuwa na Kiingereza, wala hakuwa na neno la kujieleza siku ile vitani Burma, askari mweusi wa Marekani alipomkaribisha kopo lake la nyama.

"Ilikuwa nguruwe, mama. Nikasogea mbali," alimwambia Kulusumu, muuza vitenge aliyeketi naye kwenye treni kutoka Jinja. "Sasa redio inasema kwao Marekani wazungu hawataki kula na weusi hotelini. Kumbe alidhani nami namkataa kwa rangi!"

"Kwa hiyo baada ya miaka kumi na sita, afande, unamwandikia kwamba chakula chake haramu?" Kulusumu alicheka. "Utamtukana mara ya pili."

"Heri aikasirikie dini yangu."

"Kama bado yu hai."

Treni ilisimama Mbale. Adrisi aliilamba bahasha iliyoandikwa jina la askari yule na la kikosi chake cha zamani, akaifunga, akaenda kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.