Barua ya Bomba na Kozi ya Diwani Zacharia

Boriti ya kijiwe chetu ilitoka kwa reli, na hakuna anayesema ilitokaje. Ilikuwa imelazwa juu ya mawe mawili huko Majengo, Thika, na mwaka wa hamsini na nane tulikuwa tukiikalia watu watatu kila Jumamosi: Rama, mwenye birika la kahawa, Kisilu, tuliyemwita Mkonge kwa sababu alifanya kazi shamba la mkonge, na mimi, waliyeniita Nuruni kwa kuwa nimeokoka na huungama hadharani. Naungama basi: uvivu wa kijiweni nilikuwa nimeuungama mara nne kanisani, na maneno ya mara ya tano nilikuwa nayaandaa nikiwa nimekaa pale pale. Jumamosi hiyo kulikuwa na jambo. Township, yaani baraza la mji, ilikuwa na bomba moja la maji la kugawa. Karani alisema mtaa unaolitaka ulete barua, ukurasa mmoja tu, kabla ofisi haijafungwa saa sita. Isipofika, bomba litawekwa mlangoni mwa kilabu cha pombe. Sasa Bi Kulthum, mjane aliyetupikia maharagwe, alikuwa ameteleza akipanda kutoka mto Chania na debe kichwani, goti likafura. Tulimwahidi hiyo barua. Karatasi na kalamu nilikuwa nazo mfukoni tangu saa tatu. Tulichongoja ni Zacharia, diwani wetu, aje atie sahihi. Alikuwa amerudi jana yake kutoka kozi ya madiwani.

— Wiki mbili, Mkonge akasema. Mtu mzima anafundishwa nini wiki mbili?

— Kula na uma, Rama akasema.

— Hiyo ni siku moja.

— Wewe umeshajaribu na njegere?

Mkonge akafikiri, akakubali siku tatu.

— Siku zile zingine wanafundishwa kukataa, akasema. Sisi tunakataa haraka, ndiyo maana tunafungwa. Diwani anafundishwa kukataa polepole mpaka mtu anamwambia asante.

— Nani alikuambia?

— Binamu yangu anapalilia maua huko, anaonea dirishani. Anasema kuna mji wa mchanga juu ya meza, nyumba zake ni za viberiti. Kila diwani anapewa mtaa. Halafu mzungu anakuja na mkebe wa maji, anamwaga, anaangalia mtaro ya nani imeziba.

— Wacha uongo, Mkonge! Mzee na watoto wake achezee mchanga?

— Na akishindwa anarudishwa kwao bila viatu.

Zacharia akatokea, amevaa tai, faili kwapani.

— Hamjambo, waheshimiwa.

Tukageuka kuona kama kuna watu nyuma yetu.

— Diwani, Rama akasema, huyu anakusingizia ati mlikuwa mkicheza mchanga.

— Huo mji upo, Zacharia akajibu. Mtaa wangu ulizama.

Tukamwangalia viatu. Alikuwa navyo.

— Pole, nikamwambia. Sasa tia sahihi hapa chini, mimi nitaandika hapa juu mara moja.

— Ngoja, Nuruni. Barua inatoka kwa nani?

— Kwetu.

— Kwetu ni kwa nani? Watu wakikaa tu, ni watu. Wakiwa na mwenyekiti, ndiyo kikao. Barua bila kikao inaweza kurudishwa.

— Na kikao si kinataka kibali ya DC? Rama akauliza. Mimi sitaki kulala ndani kwa sababu ya bomba.

— Kibali ni cha umati, Zacharia akasema. Tuko wanne tu, bwana.

Rama akatuhesabu, akaridhika. Tukamfanya mwenyekiti kwa sababu wote tulikuwa tunakunywa kahawa yake. Mimi nikawa katibu. Sitaficha: moyo wangu uliruka. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniita Katibu. Ile karatasi ya barua nikaipiga mstari pembeni, nikaandika juu: MINITSI, yaani kumbukumbu za kikao.

— Natoa mosheni, Zacharia akasema akiwa amesimama, kwamba bomba lije Majengo. Nani anasekondi?

— Kusekondi ni nini?

— Ni kusema hata wewe unataka.

— Si kila mtu anataka!

— Basi mmoja aseme.

— Nasekondi, Mkonge akasema, lakini likae karibu na mlango yangu.

— Hayo ni mabadiliko. Mabadiliko yanajadiliwa kwanza.

— Pointi ya oda! Rama akapaza sauti. Mlango ya Mkonge iko kwa matope!

— Wewe ni mwenyekiti, huwezi kujipigia pointi ya oda.

— Na wewe huwezi kukunywa kikombe ya tatu bila kulipa ya kwanza.

Ikaundwa kamati ndogo, Zacharia na Mkonge, kwenda kuukagua mlango. Walikaa sana. Waliporudi, Rama akaomba ripoti.

— Mlango upo, Zacharia akasema.

Nikaandika: Mlango upo.

Baada ya hapo Mkonge akasema bomba lazima liwe na askari wa kulilinda. Rama akasema askari lazima awe na nyumba. Zacharia, ambaye mtaa wake ulikuwa umezama, akasema nyumba lazima iwe na mtaro. Mkonge akasema mtaro wa namna hiyo hauwezi kufunguliwa na mtu mdogo, itabidi Gavana mwenyewe aje, na Gavana hawezi kukaa kwa boriti. Tukapiga kura juu ya kiti cha Gavana. Mbili kwa mbili.

Hapa ndipo kosa langu linapokuwa dhambi. Nilikiona kivuli cha paa la nyumba iliyo nyuma yetu kimerudi mpaka karibu na vidole vya miguu yangu, na saa sita huwa naijua kwa kivuli hicho. Barua ya mistari mitano ingenichukua robo saa. Lakini minitsi zilikuwa zimefika ukurasa wa tatu, na mwandiko wangu ulikuwa umependeza. Nikavuta miguu ndani ya kivuli, nikaendelea kuandika.

Bi Kulthum akaja akichechemea, debe tupu mkononi.

— Nimetoka ofisini, akasema. Karani amefunga. Anasema Majengo hakuna barua iliyofika. Bomba linakwenda kilabuni.

Hakuna aliyempisha akae. Hata hilo naungama.

— Mama, Zacharia akasema kwa upole, utaratibu umefuatwa wote. Nuruni, msomee.

Nikasimama nikamsomea kurasa zote tatu: mosheni, mabadiliko, kamati, ripoti, askari, nyumba, mtaro, kiti, kura. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

— Asanteni, wanangu, akasema. Sasa, aliyekuwa hataki bomba lije ni nani?

Rama akamtazama Zacharia. Zacharia akamtazama Mkonge. Mkonge akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na makaratasi.

Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikaanza kupitisha kidole mstari kwa mstari nikitafuta jina. Yeye alikuwa ananingoja, amesimama kwa mguu mmoja.