Efua Tsetsewa Enchill, Aliyehesabu Dakika za Figo

Wapendwa waombolezaji, wazee wetu, majirani na wafanyakazi wenzake, kabla ya tarehe kutajwa tunawaomba mfikirie chumba chenye taa kali, watu sita wameinama juu ya mgonjwa mmoja na mikono yao inafanya kazi, na mtu wa saba amesimama wima, hamtazami mgonjwa, anatazama saa ya ukutani. Huyo wa saba ndiye tunayemzika leo.

Marehemu Efua Tsetsewa alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 12 Machi 1948, mjini Sekondi, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Egya Kofi Baidu, mfanyakazi wa reli, na marehemu Maame Esi Amoaba, aliyeuza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga karibu na stesheni. Alianza shule ya misheni hapo hapo Sekondi mwaka 1954, akamaliza mwaka 1963, na mwaka 1965 akajiunga na chuo cha uuguzi Kumasi, ambako alihitimu mwaka 1968 akiwa na sifa ya bidii na, kama cheti chake kinavyosema, ya kuwa “msichana mtulivu asiyebishana na wakubwa.”

Mwaka 1970 aliingia chumba cha upasuaji cha hospitali moja kubwa ya mkoa, akabaki humo miaka thelathini na minane. Tarehe 28 Desemba 1974 alifunga ndoa na Bwana Ato Enchill, mwalimu wa hesabu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Baaba, Ekow na Esaaba, na wajukuu saba.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ingeweza kupita haraka, lakini marehemu aliandika kwa mkono wake kwamba tusipite.

Siku ya Jumatano, tarehe 17 Oktoba 1979, aliletwa mgonjwa wa kitanda cha tisa, fundi seremala wa mabehewa ya reli, mwenye uvimbe kwenye figo moja, na ile nyingine ilikuwa imedhoofu tangu utotoni, kwa hiyo maisha yake yote yalitegemea hiyo yenye uvimbe. Ili kuukata bila mgonjwa kumwaga damu, daktari aliubana mshipa unaolisha figo. Figo iliyonyimwa damu haifi papo hapo, inavumilia, kama mtoto aliyezamisha kichwa majini akishindana na wenzake, lakini uvumilivu wake una kikomo, karibu nusu saa, na damu ikirudishwa kwa kuchelewa huingia kwa kishindo na kuumiza hata kilichokuwa kimesalimika. Kazi ya Efua siku hiyo ilikuwa saa. Dakika ya thelathini alifungua mdomo, akamtazama Daktari Ansah-Otu, mkubwa wake kwa umri na kwa cheo, akaufunga. Mshipa uliachiwa dakika ya hamsini na mbili. Mgonjwa yule hakupata mkojo siku tisa, na siku ya kumi, Jumamosi tarehe 27 Oktoba, alifariki dunia. Ikasemwa kwamba figo ilikuwa mbovu tangu mwanzo, na Efua akanyamaza mara ya pili.

Ukimya huo aliubeba miaka saba. Bwana Enchill alikuwa akisimulia jinsi mkewe alivyoacha kuvaa saa ya mkononi, na alipoulizwa alijibu kwamba inamwasha. Hatimaye, mwezi Novemba 1986, alimchukua mjomba wake, wofa kwa lugha yetu, na chupa ya pombe ya kuombea radhi, kama desturi yetu inavyotaka, wakaenda hadi nyumba ya mjane wa yule fundi, Maame Adwoa Kwegyirba. Mjomba alipokohoa tayari kumsemea, Efua alimshika mkono.

“Wofa, nisamehe, leo mdomo ni wangu.”

“Toka lini mkosaji akajisemea mwenyewe?”

“Toka leo, Wofa. Kaa tu.”

Akaeleza yote, bila kumlaumu daktari wala kujitetea. Maame Adwoa alisikiliza huku akiendelea kufunga kenkey kwenye maganda ya mahindi, kisha akauliza, “Ulikuwa unaiona saa?”

“Nilikuwa naiona, Maame.”

“Na sauti unayo?”

“Ninayo.”

“Basi chupa yako rudi nayo. Mimi sinywi. Siku nyingine piga kelele, hata wakikufukuza kazi, njoo tufunge kenkey.”

Waliofanya kazi naye watakumbuka Efua aliyerudi kutoka nyumba ile. Alisoma vitabu vya madaktari, akagundua kwamba figo ikipozwa kwa barafu hulala na kuhitaji damu kidogo, akaanza kugandisha mifuko ya maji safi ya chumvi, akaifunga kwa vitambaa na kuiponda kwa mchi alioutoa jikoni kwake.

“Sista Efua, leo unatwanga fufu ya nani?” wenzake walimtania.

“Ya figo yako. Funga domo, lete bakuli!”

Tarehe 9 Juni 1987, Daktari Ansah-Otu alimpasua mwalimu mmoja wa kike mwenye figo moja tu. Efua aliizungushia figo barafu yake, akasimama chini ya saa, akaanza kuhesabu kwa sauti, jambo ambalo hakuna muuguzi aliyewahi kulithubutu mbele ya mzee yule.

“Dakika ishirini, Daktari.”

“Nimesikia.”

“Ishirini na tano, Daktari.”

“Sista, unaniimbia?”

“Ndiyo, baba, na wimbo una beti thelathini tu.”

Daktari aliinua macho, akamtazama kwa muda ambao Efua mwenyewe alisema ulikuwa mrefu kuliko ile miaka saba, kisha akarudi kwenye kazi, na dakika ya ishirini na nane akaachia mshipa, na figo iliyokuwa na rangi ya majivu ikaanza kuwa nyekundu mbele ya macho yao. Saa tisa alasiri Efua alikimbia korido nzima akipiga kelele, “Amekojoa! Jamani, amekojoa!” na wageni waliokuja wodi ya wazazi wakadhani ni jina la mtoto. Tangu hapo daktari hakubana mshipa kabla ya kuuliza, “Mama Dakika yuko wapi?” na alipostaafu aliwaambia vijana wake kwamba yeye alifundishwa kazi mara mbili.

Marehemu alistaafu mwaka 2008. Alianza kuugua moyo mwezi Aprili 2022, akalazwa mara tatu, na kila alipolazwa aliwauliza wauguzi, “Binti, mkojo wangu umeuandika?” Alifariki Jumanne, tarehe 9 Agosti 2022, saa nne asubuhi, watoto wake wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliopika na kufagia bila kuombwa, na wenzake wa chumba cha upasuaji waliokuja na sare zao. Tunamshukuru Maame Adwoa Kwegyirba, aliyeketi nasi hapa mbele akiwa na miaka themanini na tatu, na aliyekataa kiti cha wageni.

Dada yetu, mama yetu, pumzika kwa amani, kazi umeimaliza. Nanyi wapendwa, marehemu aliomba kwamba historia yake ikisomwa, lisomwe na jina la mgonjwa wa kitanda cha tisa, kwa kuwa siku ile hakuna aliyelitaja. Tunawaomba kwa upole mrudi nalo nyumbani. Aliitwa Kobina Esuon.